Dondoo muhimu: Bwawa la nyumbani lisigeuke kijani

Maji kuwa maangavu si ushahidi kwamba ni salama. Pima angalau mara 2 kwa wiki: pH iwe kati ya 7.2 na 7.8, na klorini isipungue miligramu 1 kwa lita. pH ikipanda, klorini hupoteza nguvu.

Tia klorini jioni. Jua kali la Mombasa au Dar es Salaam huimaliza ndani ya saa chache, na hapo mwani hupata nafasi. Pampu izunguke saa 8 hivi kwa siku. Presha ya kichujio cha mchanga ikipanda, kisafishe kwa kuyarudisha maji kinyume. Majani yaopolewe kila siku. Kuta, ngazi na pembe zisuguliwe kila wiki.

Kubwa kuliko yote: usichanganye kamwe klorini na asidi, wala aina mbili za klorini. Gesi inayotoka yaweza kuua. Dawa hutiwa kwenye maji. Maji hayamwagwi juu ya dawa.

Ukimaliza, funga geti la uzio. Mtoto huzama kimyakimya, hata watu wazima wakiwa karibu. Tafadhali asiachwe peke yake.