Udugu wa Chuoni: Wanafunzi Hupita, Parokia Hubaki

SOMO LA ROBO MWAKA KWA KAMATI ZA PAROKIA NA MARAFIKI WA MAENDELEO

Ndugu wanakamati na wafadhili wetu wa karibu na wa mbali, somo la robo hii linahusu vyama vya udugu vya wanafunzi wa vyuo: namna vinavyoanzishwa, maadili yanayovishika, na sababu ya vingi kufa mapema. Tumelichagua kwa kuwa kila mwaka tunapokea maombi ya kusaidia vikundi vya namna hii hapa Dodoma, na kwa kuwa sisi wenyewe tumewahi kukosea.

Miaka kadhaa iliyopita ofisi yetu ilisaidia kikundi cha wanafunzi kilichojipangia kuwatembelea wazee wanaoishi peke yao katika kitongoji kimoja nje ya mji. Tulitoa madumu, toroli mbili na fedha kidogo ya sabuni na unga. Kila Jumamosi vijana wale walichota maji, walifua, walifagia, kisha walikaa na wazee kuzungumza. Mmoja alitoka Kagera, mwingine Mtwara, mwingine Pemba, na wachache walikuwa wenyeji wa hapa hapa Ugogoni. Katika taarifa kwa wafadhili tuliandika kwamba mradi umefanikiwa, tukaweka na picha.

Mwaka uliofuata viongozi wa kikundi walihitimu. Daftari lenye majina ya wazee liliondoka ndani ya begi la katibu. Tulipopita kitongojini mwezi wa Septemba, kiangazi kikiwa kimekaza, tulimkuta bibi mmoja ametoa madumu yake manne na kuyapanga mlangoni. Ilikuwa Jumamosi. Akatuuliza, "Wanangu, wale wajukuu zangu wa Jumamosi wamehamia wapi?" Hatukuwa na jibu. Jirani alitueleza kwamba bibi huyatoa madumu yale kila Jumamosi, na jioni huyarudisha ndani matupu.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: kwa nini udugu wa wanafunzi mara nyingi hufa pamoja na mahafali, na ufanyike nini ili usife?

1. NENO LINATUFUNDISHA NINI

Tusome Matendo ya Mitume 6:1-7. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na watu wa lugha mbili. Wajane wa upande uliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na manung'uniko yakazuka. Mitume hawakuyafunika. Waliita mkutano wa waamini wote, wakaomba wachaguliwe watu saba wenye sifa njema. Tuyaangalie majina ya wale saba: yote ni ya Kigiriki, na mmoja wao, Nikolao, alikuwa mtu wa Antiokia aliyeongokea dini ya Kiyahudi. Maana yake, kazi ilikabidhiwa kwa watu waliokuwa karibu na wale waliosahauliwa.

Hapo tunaona mambo mawili. La kwanza, huduma ilivuka mpaka wa lugha na asili. La pili, haikuachwa iendeshwe na moyo mwema tu. Waliohusika walitajwa kwa majina, wakasimamishwa mbele ya jumuiya nzima na kuwekewa mikono. Jumuiya ilijua nani anafanya nini, na kwa hiyo ingejua pia kama kazi imesimama.

2. MAKERERE: UDUGU ULIOVUKA KABILA NA DINI

Katika miaka ya 1940 Makerere, Uganda, ndicho kilikuwa chuo kikubwa cha elimu ya juu kwa Afrika Mashariki yote. Mwaka 1943 Julius Nyerere, Mzanaki wa Butiama, alifika hapo kusomea ualimu. Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, alibatizwa. Watanganyika chuoni walikuwa wachache, na kila mmoja alikuwa mbali na kwao.

Nyerere pamoja na wenzake, akiwemo Andrew Tibandebage wa Bukoba, Mkatoliki, na Hamza Mwapachu, Mwislamu wa upande wa Tanga, waliunda chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika, kilichojulikana kwa kifupi kama TAWA. Kila mmoja wao angeweza kujitafutia watu wa kabila lake au wa dini yake. Wao walichagua kuwa ndugu kwa sababu ya nchi waliyotoka na watu waliotaka kuwatumikia.

Baadaye walifanya jambo ambalo vyama vingi hushindwa kulifanya. Waliona kwamba nyumbani kilikuwepo tayari chama kipana zaidi, Tanganyika African Association (TAA). Wakakiacha chama chao kife, wakalifufua tawi la TAA pale chuoni. Hawakung'ang'ania jina wala uenyekiti.

Hata hivyo hadithi ina upande wa pili. Nyerere alihitimu mwaka 1945, akaenda kufundisha Tabora. Kufikia mwaka 1947 tawi lile la Makerere nalo lilikuwa limezimika. Hata vijana wa kiwango kile hawakuweza kuacha moto ukiwaka nyuma yao, kwa sababu chuoni watu hupita. Mbegu haikupotea, kwani mwaka 1953 Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa kutokana na chama hicho. Lakini mbegu iliota kwa sababu nje ya chuo kulikuwa na shamba la kuipokea.

3. PARIS: UDUGU ULIOSHIKWA NA PAROKIA

Kwa nini basi vyama vingine vya wanafunzi vimedumu? Mfano ulio karibu nasi ni Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho wengi wetu tunakifahamu kama chama cha wazee wa parokia. Wachache wanakumbuka kwamba kilianzishwa na wanafunzi wa chuo kikuu.

Frédéric Ozanam alitoka Lyon kwenda Paris mwaka 1831 kusoma sheria. Mwaka 1832 kipindupindu kiliua maelfu ya watu katika mji ule. Yeye na wenzake walikuwa na mijadala ambamo waliitetea imani kwa hoja nzuri. Siku moja mpinzani aliwauliza: kanisa lenu lilifanya mema zamani, je, ninyi leo mnafanya nini? Swali lile liliwachoma. Tarehe 23 Aprili 1833, siku Ozanam alipotimiza miaka 20, walikutana vijana wachache pamoja na mtu mzima mmoja, mhariri Emmanuel Bailly, aliyekuwa mwenyekiti wao. Walikubaliana kuzitembelea familia maskini nyumbani kwao.

Lakini walikuwa wageni wa maisha ya vitongoji, hawakujua waanzie mlango upi. Walikwenda kwa Sista Rosalie Rendu, aliyekuwa amewahudumia maskini wa mtaa wa Mouffetard kwa miaka mingi. Yeye ndiye aliyewapa majina ya familia, akawafundisha namna ya kuingia katika nyumba ya maskini bila kumdhalilisha. Walipozidi kuwa wengi waligawanyika katika vikundi kwa kufuata maparokia, na mwaka 1835 wakaandika kanuni yao. Ozanam alifariki mwaka 1853 akiwa na umri wa miaka 40. Chama hakikufa. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Ozanam kuwa mwenye heri, na mwaka 2003 akamtangaza Sista Rosalie vivyo hivyo.

Tuangalie tofauti na Makerere. Vijana wa Paris walihitimu kama wengine wote. Lakini majina ya maskini hayakuwa yao peke yao. Yalikuwa pia kwa Sista Rosalie na katika maparokia, pamoja na watu wasio wanafunzi.

4. WASHINGTON: MLANGO USIOULIZA UKOO

Mfano wa tatu tunautaja kwa ufupi. Marekani kuna desturi ya muda mrefu ya vyama vya udugu vyuoni. Vingi vilichagua watu kwa rangi, fedha au jina la familia. Tarehe 9 Januari 1914, katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, wanafunzi watatu weusi, A. Langston Taylor, Leonard F. Morse na Charles I. Brown, walianzisha udugu uitwao Phi Beta Sigma. Walitaka mtu apimwe kwa tabia na kazi yake, si kwa ukoo wala weupe wa ngozi yake. Walisisitiza kwamba elimu ni kwa ajili ya utumishi. Miongoni mwa waliojiunga baadaye walikuwa Waafrika wawili waliokuja kuongoza nchi zao, Nnamdi Azikiwe wa Nigeria na Kwame Nkrumah wa Ghana. Udugu huo upo hadi leo, na una matawi ya waliokwisha kuhitimu. Anayemaliza chuo haagwi, anahamia tawi jingine.

5. DODOMA YETU

Mwaka 2007 ulibadilisha mji wetu. Mwaka huo Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza katika vilima vya Chimwaga, na Kanisa Anglikana likafungua Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana mahali ilipokuwa shule ya sekondari Mazengo. Vyuo vingine vilikuwepo tayari, kama Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini. Leo vijana wa kila mkoa wanakaa hapa miaka miwili, mitatu au zaidi. Wakatoliki wana TMCS, ndugu zetu wa makanisa mengine wana vyama vyao, na Waislamu wana vyao. Pia kuna umoja wa wanafunzi wanaotoka sehemu moja. Hatuulaumu, maana husaidia sana katika misiba na ugonjwa. Lakini mwanafunzi anayekaa Dodoma miaka mitatu na kurudi kwao akiwa amewafahamu watu wa kwao tu, amepitwa na nusu ya elimu yake.

Kuna jambo moja la hapa ambalo sisi wafadhili hatukulitazama vizuri. Mvua za nyanda zetu hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Likizo ndefu ya vyuo huangukia kiangazi. Yaani wanafunzi huondoka wakati visima vinapungua, foleni ya maji inarefuka, na mzee asiye na mtu anahitaji msaada zaidi. Mradi wowote unaotegemea wanafunzi peke yao utasimama katika miezi iliyo migumu kuliko yote. Si kwamba vijana hawana moyo. Sisi ndio tuliopanga kwa kalenda ya chuo, tukasahau kalenda ya bibi.

6. MAMBO MATATU YA KUSHIKA

Mlango. Udugu wa kutumikia uwe wazi kwa kabila lolote. Chama cha sala kinaweza kuwa cha dhehebu moja, na hilo ni haki yake. Lakini siku ya kuchota maji, mwanafunzi Mwislamu au Mlutheri anayetaka kushika dumu apewe dumu. Vilevile nyumba za kutembelewa zisichaguliwe kwa dini ya mwenye nyumba.

Miguu. Kikundi kipimwe kwa milango kinayobisha, si kwa fulana, spika wala sherehe ya kukaribisha mwaka wa kwanza. Waende wawili wawili, mwenyeji na mgeni, ili yule wa Kagera ajifunze kumwamkia mzee wa Kigogo kwa heshima ya hapa. Waende kwa ahadi ndogo wanayoweza kuitimiza.

Daftari. Majina ya wanaohudumiwa yaandikwe katika madaftari mawili, moja la kikundi na moja la ofisi ya parokia. Kila mwezi yalinganishwe. Kila nyumba iwe na mtu wa Jumuiya Ndogo Ndogo anayeifahamu, na vijana wa VIWAWA au akina mama wa WAWATA washike zamu wakati wa likizo. Viongozi wanaohitimu wakabidhi kazi mbele ya waamini, Jumapili, kwa kutaja majina, kama ilivyofanyika Yerusalemu.

Kutokana na hayo, ofisi yetu imeamua kwamba ombi lolote la kikundi cha wanafunzi litapokelewa likiwa na sahihi ya kamati ya parokia na jina la atakayeshika zamu ya kiangazi. Wafadhili tunawaomba mtuvumilie pale taarifa itakapochelewa kuwa na picha nzuri. Tutawaandikia kwanza kama huduma ilivuka likizo.

Bibi yule sasa anachotewa maji na vijana wa jumuiya ya jirani, na mwaka huu wanafunzi wapya wanne wameungana nao. Bado anawauliza habari za wale wa kwanza, kwa majina. Yeye hakuhitaji daftari.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Je, tunawajua viongozi wa wanafunzi wanaosali katika parokia yetu? Wanahitimu lini?
2. Ni nyumba zipi katika kigango chetu zinazopata shida zaidi kati ya Julai na Novemba?
3. Katika vikundi vyetu, ni nani anayeachwa nje bila kuambiwa waziwazi?
4. Nani kati yetu anaweza kuwa kama Sista Rosalie, yaani mtu anayekaa, anayewajua maskini kwa majina na anayeweza kuwafundisha vijana njia?
5. Kuna huduma gani tuliyoianzisha ikafa kimya? Tumekwenda kuomba radhi?

SALA

Ee Mungu Baba, umetukutanisha katika nchi hii kavu watu wa lugha nyingi. Wape vijana wetu moyo wa kutumika, nasi tunaobaki utupe uaminifu wa kuendeleza walichokianza. Usituache tumsahau anayetusubiri mlangoni. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.