Somo la Familia: Je, Mshahara wa Mama Huvunja Nyumba?

Swali hili haliishi kwenye mikutano ya jumuiya ndogo ndogo. Mzee atasimama aseme ati zamani akina mama walikaa nyumbani na ndoa zikadumu, lakini tangu waanze kupokea mshahara kila wiki ni kesi, mara kwa chifu, mara kwa padre. Wengine huitikia. Kisha linatoka shauri: mama aache kazi ili ndoa ipone. Shauri hilo ni zito, maana linagusa karo na chakula cha watoto, kwa hivyo tulipime kwanza.

Mama wa Kenya hakuanza kazi juzi. Nyanya zetu walilima, wakafinyanga vyungu, wakapeleka mahindi sokoni. Kilichokuja baadaye ni pesa zenye jina lake mwenyewe. Na serikali ilipopunguza wafanyakazi miaka ya 1990, wanaume wengi walirudi nyumbani na barua mkononi, na mboga na mitumba alizouza mama ndizo zilizowaweka watoto shuleni. Hayo wanaolalamika huyasahau haraka.

Wasomi wa Marekani wameichunguza habari hii miaka mingi. Mwaka 1981 mwanauchumi Gary Becker aliandika kwamba ndoa hufaidika mmoja akishika kazi ya mshahara na mwenzake akishika ya nyumbani. Mke akipata kipato chake, faida hiyo hupungua na talaka husogea karibu. Ndivyo asemavyo yule mzee wetu, ila kwa maneno ya chuo kikuu. Lakini mwaka 2002 Robert Schoen na wenzake walionyesha kwamba kazi ya mke haikutikisa ndoa yenye furaha. Iliongeza kuachana pale ambapo furaha ilikuwa imekwisha. Halafu mwaka 2016 Alexandra Killewald akaona kwamba, katika ndoa zilizofungwa kuanzia katikati ya miaka ya 1970, hatari ilipanda pale mume alipokosa kazi ya siku nzima, wala si kwa sababu ya kazi ya mke.

Marekani si Kenya, najua. Huko hakuna mahari wala wazee wa ukoo wa kuketi na wanandoa. Lakini anayesikiliza kesi za ndoa hapa kwetu atatambua mengi.

Tuchukue mfano. Mama anafanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha. Baba alikuwa dereva, gari likauzwa, sasa anangoja vibarua. Mwezi wa Februari, kabla ya siku ya Valentine, maua yanatakiwa Ulaya kwa wingi, na mama anarudi usiku. Anakuta jiko baridi, watoto hawajala, na baba amekaa. Akiuliza, anajibiwa: "Unajiona mwanaume kwa sababu ya hizo pesa?" Sasa angalieni, kazi ya maua ndiyo imeleta ugomvi hapo? Mimi naona ni aibu ya baba ambayo haijapata mahali pa kusemwa, pamoja na sufuria ambayo hakuna aliyekubali ni yake. Mama akiacha kazi, aibu itabaki palepale na njaa itaongezeka.

Papa Fransisko aliligusa jambo hili mwaka 2016 katika waraka wake Amoris Laetitia: mume akishika kazi za nyumbani au kulea watoto uanaume wake haupungui, wala si jambo la kuonea haya. Wanaume wa jumuiya wausome huo waraka wenyewe, wasingoje kusomewa na akina mama.

Jambo la pili ni siri. Baba hasemi anapata ngapi, mama naye anaficha mkopo wa Sacco. Kila mmoja anajenga kivyake, na siku moja ujumbe wa M-Pesa unasomwa na asiyetakiwa kuusoma. Hapo maneno huanza. Afadhali wenye nyumba waketi mara moja kwa mwezi, waweke mapato yote mezani, wakubaliane nani analipa nini na ni kiasi gani kila mmoja atabaki nacho bila kuulizwa.

Sasa tuje kwa lile gumu. Ziko ndoa ambazo mshahara wa mama umemwezesha kuondoka, kwa sababu anapigwa. Zamani alibaki kwa kuwa hakuwa na nauli wala mahali pa kulala. Tukisema ndoa ile "ilidumu", tunasema nini hasa? Kanisa halikubali talaka, lakini sheria yake, Kanuni ya 1153, inamruhusu mtu kutengana na mwenzake anayemtia yeye au watoto katika hatari kubwa ya mwili au ya roho. Basi mwenye kumshauri mama kama huyo aache kazi anamfungia mlango. Aulizwe kwanza kama yuko salama, habari ya kazi ifuate.

Mwisho, mali. Hadi 2013 mahakama zetu zilitumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu mchango wa pesa na ule usio wa pesa: kupika, kulea, kulima shamba la familia. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila wote wawili kukubali. Lakini Mahakama ya Juu ilieleza Januari 2023 kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja huonyesha alichochangia. Kwa hivyo mama aliyelipia ploti kwa mkopo wake huku hati ikiandikwa jina la baba aweke risiti. Afadhali zaidi waandike majina yote mawili tangu mwanzo, wakiwa bado wanasikizana.

Jumuiya zitakapokutana, waume wazungumze kivyao kwanza juu ya swali hili: baba akipoteza kazi, ni nani katika jumuiya yetu humtembelea, na humwambia nini?