Picha ya Ua na Maarifa Yaliyomo: Somo kwa Watunza Bustani

Tangu zamani watunza bustani wamekuwa na desturi ya kupeana mbegu na vipandikizi. Siku hizi, kabla mche haujatoka nyumba moja kwenda nyingine, picha yake hutangulia. Mwenye bustani aliyeko Moshi hupiga picha ya ua lililochanua asubuhi, na kabla ya adhuhuri mwenzake wa Mombasa amekwisha kuliona kwenye simu yake. Picha ya namna hiyo hufurahisha macho. Lakini mara nyingi mwenzake huitazama kwa haja: ataka kujua mmea huo ni upi, una ugonjwa gani, au kama ni salama kuupanda mahali wanapocheza watoto. Makala haya yaeleza kwa nini picha nyingi nzuri haziwezi kujibu maswali hayo, na jinsi ya kupiga zile ziwezazo.

Picha za kwanza za mimea

Desturi ya kupeana picha za mimea ina umri karibu sawa na upigaji picha wenyewe. Mwaka 1842 mwanasayansi Mwingereza, John Herschel, alivumbua njia ya kupata picha za rangi ya buluu kwa kutumia chumvi za chuma. Karatasi ilipakwa chumvi hizo na kukaushwa gizani, kisha mmea ukalazwa juu yake na vyote vikawekwa juani. Karatasi ilipooshwa kwa maji, sehemu zilizopata mwanga zilikuwa za buluu, na zile zilizofunikwa na mmea zilibaki nyeupe. Kuanzia mwaka 1843 Anna Atkins, naye wa Uingereza, alitumia njia hiyo kutoa picha za mwani, akawagawia wenzake waliopenda elimu ya mimea. Kazi yake huhesabiwa kuwa kitabu cha kwanza chenye picha zilizopatikana kwa nguvu ya mwanga.

Picha za Atkins zilikuwa na sifa moja ya thamani. Kwa kuwa mmea uligusa karatasi, kimo chake katika picha kililingana na kimo chake halisi. Kamera haina sifa hiyo. Ua lenye upana wa sentimita 2 na ua lenye upana wa sentimita 10 huweza kuijaza picha sawasawa, na mtazamaji asitambue tofauti. Kwa sababu hiyo yafaa kuweka kipimo kando ya ua, kama vile rula, sarafu au kiberiti.

Ua peke yake halitoshi

Kosa lililo kubwa zaidi ni kupiga picha ya ua tu na kuuacha mmea. Chukua mfano wa mimea mitatu ipandwayo sana majumbani: Plumeria rubra, Nerium oleander na Adenium obesum. Yote ni ya jamii moja, iitwayo Apocynaceae. Yote huweza kuwa na maua ya rangi ya waridi yenye petali tano. Mtu akiletewa picha ya ua moja la waridi, ni rahisi kwake kuutaja mmea mmoja kwa jina la mwingine.

Kosa hilo laweza kuleta msiba. Nerium oleander ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, nayo imo katika sehemu zote za mmea. Utomvu wa Adenium obesum, mmea wa asili wa nchi kavu za Afrika, ulitumiwa na wawindaji kutia sumu mishale yao. Plumeria nayo ina utomvu mweupe uwezao kuwasha ngozi, lakini hatari yake hailingani na ya hiyo miwili.

Hata hivyo, mimea hiyo hutofautishwa kwa urahisi mtu aonapo majani na mashina yake. Majani ya Nerium ni membamba na marefu, na kwa kawaida matatu hutoka pamoja kwenye kifundo kimoja cha tawi. Plumeria ni mti wenye matawi manene, na majani yake mapana hukusanyika kwenye ncha za matawi hayo. Adenium hutambulikana kwa shina lake lililovimba sehemu ya chini. Basi alama za kuuepuka msiba zimo katika sehemu zile ambazo mpiga picha huziacha.

Picha zinazohitajika

Anayetaka mwenzake autambue mmea wake ampelekee picha hizi:

1. Mmea mzima, toka ardhini hadi kileleni.
2. Tawi moja, lionyeshe jinsi majani yalivyopangwa.
3. Jani moja, upande wa juu na upande wa chini.
4. Ua likitazamwa kwa mbele na kwa ubavuni, pamoja na kipimo.
5. Tunda au mbegu, kama zipo.

Picha zipigwe asubuhi, au kivulini. Jua kali la mchana huziosha rangi hafifu na kutia vivuli vyeusi. Karatasi nyeupe ikiwekwa nyuma ya ua humsaidia mtazamaji kupima rangi yake. Mwisho, iandikwe tarehe, aina ya udongo na jinsi mmea unavyomwagiliwa, kwani mambo hayo hayaonekani katika picha yoyote.

Mmea mgonjwa

Mtu akisema, "Majani yamekuwa manjano," bado hajaeleza ugonjwa. Yakianza kugeuka yale ya zamani, yaliyo chini, huenda mmea umepungukiwa na naitrojeni. Yakianza yale machanga ya juu, huku mishipa yake ikibaki kijani, yaelekea mmea haupati madini ya chuma. Picha ya jani moja lililochumwa haionyeshi lilitoka wapi, kwa hiyo jani lipigwe picha likiwa bado mtini. Upande wa chini wa jani nao usisahauliwe, kwa maana huko ndiko hujificha vidukari, utitiri na inzi weupe.

Mahali pasipofaa kutajwa

Liko jambo moja ambalo yafaa lifichwe. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao mmea mdogo wa maua ya urujuani kutoka Usambara. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland aliupa jina la Saintpaulia ionantha, na wazao wake wakaenea madirishani mwa nyumba duniani kote. Lakini katika misitu ya Tanzania na Kenya, baadhi ya aina za mmea huu huota mahali pachache mno, nazo zimo hatarini kwa sababu misitu hukatwa.

Simu nyingi huweza kuandika ndani ya picha vipimo vya mahali ilipopigwa. Picha ya mmea adimu wa msituni ikipelekwa na vipimo hivyo, yaweza kumwongoza mng'oaji hadi shinani. Heri sehemu hiyo ya simu izimwe kabla ya kuingia msituni, na mahali patajwe kwa jina la wilaya tu. Wala hapana haja ya kung'oa. Jani moja la mmea wa nyumbani, likichomekwa kwa kikonyo chake katika udongo wenye unyevu, hutoa mizizi baada ya majuma machache, kisha miche midogo.

Zoezi

Chagua mmea mmoja wa bustanini. Mpelekee mwenzako picha ya ua lake peke yake, bila jina, naye aseme ni mmea gani. Kisha mpelekee zile picha nyingine zilizotajwa. Linganisheni majibu ya kwanza na ya pili, na mwandike ni alama ipi iliyoondoa shaka.