Mkopo, Pato na Ushuru Unaorudi Nyuma

Mvuvi wa Kizingitini akikopeshwa jarife na tajiri wake, utajiri wake haujaongezeka hata senti moja. Jarife analo mkononi, ni kweli, lakini siku hiyohiyo ameingiwa na deni la thamani ileile. Hesabu kila alicho nacho, toa kila anachodaiwa: jibu la jioni ni lilelile la asubuhi. Hii ndiyo sababu mkopo hautozwi ushuru wa mapato, si Kenya, si Tanzania, si Uingereza. Hakuna pato la kutoza.

Basi pato ni nini? Wanauchumi wawili wa Marekani, Robert Haig mwaka 1921 na Henry Simons mwaka 1938, walilieleza kwa hesabu fupi ambayo vyuo bado vinaifundisha. Pato la mtu kwa mwaka ni alichokitumia, ukijumlisha na ongezeko la mali yake baada ya kutoa madeni. Samaki aliyemla mvuvi na watoto wake yumo katika hesabu hiyo. Fedha aliyoiweka akiba imo. Jarife la mkopo halimo, kwa kuwa kila kilichoongezeka upande wa mali kimefutwa na upande wa deni.

Sasa tubadilishe jambo moja tu. Tajiri anampa mvuvi jarife, wanaandikiana karatasi ya mkopo, lakini wote wawili wanajua halitadaiwa kamwe. Hakuna siku ya kulipa, hakuna makato kwenye samaki, na hata tajiri akifa warithi wake hawatauliza. Je, bado ni mkopo? Deni lina thamani kwa kadiri ya uwezekano wa kulipwa. Uwezekano ukiwa sufuri, deni ni sufuri, na mali ya mvuvi imeongezeka kwa jarife zima. Ni pato, tena lilikuwa pato tangu siku alipolipokea. Karatasi haibadilishi hesabu.

Ushikilie msingi huo, maana sasa tunakwenda nao Uingereza. Huko, kwa miaka mingi, wafanyakazi wa kandarasi, wakiwemo wataalamu wa kompyuta, wauguzi na maafisa wa ustawi wa jamii, waliingizwa katika mipango ya malipo iliyokuwa hivi: kampuni ya kati ilimpa mfanyakazi mshahara mdogo, na sehemu kubwa ya jasho lake ikapitishwa kwenye mfuko wa amana, mara nyingi katika visiwa vyenye ushuru mdogo, kisha ikamrudia kwa jina la mkopo. Waliouza mipango hiyo walichukua ada yao na kuwahakikishia wateja kwamba mawakili wameipitisha. Tarehe 5 Julai 2017, katika kesi ya klabu ya kandanda ya Rangers ya Scotland, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba malipo ya kazi yanayopitishwa kwenye mfuko wa namna hiyo ni mapato yanayotozwa ushuru tangu yanapolipwa. Ni jawabu lilelile tulilolipata kwa jarife. Kwa hoja hii niko upande wa mamlaka ya ushuru: fedha ile ilikuwa ujira.

Lakini kujua kitu ni nini ni swali moja. Kujua kitozwe lini ni swali jingine, na hapo ndipo watu walipoumizwa.

Katika bajeti ya Machi 2016, serikali ya Uingereza ilitangaza tozo mpya juu ya mikopo hiyo, nayo ikapitishwa kuwa sheria mwaka 2017. Kila mkopo wa aina hiyo uliotolewa tangu tarehe 6 Aprili 1999, kama ulikuwa haujalipwa ifikapo tarehe 5 Aprili 2019, ungehesabiwa kuwa pato la mwaka mmoja wa ushuru. Miaka ishirini ikakunjwa ikawa siku moja. Serikali ilijitetea kwamba sheria hairudi nyuma, kwa sababu inalitoza deni lililopo mwaka 2019. Kwa lugha ya sheria hoja hiyo inaweza kusimama. Tuipime kwa hesabu.

Chukua fundi anayekarabati nyumba za mawe mtaa wa Mkomani, mjini Lamu, mwenye pato la shilingi 600,000 kwa mwaka. Viwango vya Kenya vya sasa vinatoza asilimia 10 kwa shilingi 288,000 za kwanza, asilimia 25 kwa 100,000 zinazofuata, kisha asilimia 30 hadi kufikia milioni 6. Ngazi ya kwanza inaleta 28,800. Ya pili, 25,000. Zilizobaki, 212,000, zinaleta 63,600. Jumla ni 117,400, na ukitoa nafuu ya mlipaji ya 28,800, fundi anadaiwa 88,600. Kwa miaka kumi, tukishika viwango hivyohivyo, ni shilingi 886,000.

Sasa mwambie fundi huyo kwamba pato lake lote la miaka kumi, shilingi milioni 6, ni la mwaka mmoja. Ngazi mbili za chini zinaleta 53,800 mara moja tu. Zilizobaki, 5,612,000, zinatozwa asilimia 30, nazo zinaleta 1,683,600. Ukitoa nafuu moja, deni ni 1,708,600. Karibu maradufu! Fundi hakupokea hata shilingi moja zaidi. Kilichomponyoka ni ngazi za chini na nafuu za miaka tisa, na kila mwaka ulipotea na shilingi 91,400. Zidisha mara tisa uone: 822,600, ambayo ndiyo tofauti yenyewe hasa.

Kwa hiyo kutoza jambo la kale kwa wakati wake na kulitoza kwa wakati wa leo ni vitu viwili, hata kiwango kikiwa kilekile. Ushuru unaopanda kwa ngazi umejengwa juu ya mwaka, na ukiuondoa mwaka ngazi zinaanguka. Sijaona utetezi wa tozo ile unaolijibu hili vizuri.

Ilikadiriwa kwamba watu wapatao 50,000 wangeguswa. Wako waliokubaliana na mamlaka wakalipa kwa mafungu, wako waliokwenda mahakamani, na wako walioungana kuwasumbua wabunge hadi likaundwa kundi la wabunge wa vyama vyote la kushughulikia suala hilo. Wengine walinyamaza, wakaficha barua za madai hata wake na waume zao wasizione. Mamlaka ya ushuru ya Uingereza imekiri kuwepo kwa vifo kumi vya watu waliojiua wakiwa wamehusika na tozo hiyo. Mtu hapaswi kuyapita maneno hayo haraka. Deni lisilojulikana litaishia wapi humlemea binadamu kuliko deni kubwa lenye mwisho.

Kelele zao zilizaa kitu. Desemba 2019, mapitio ya Amyas Morse, yaliyoagizwa na serikali, yalipendekeza mikopo ya kabla ya tarehe 9 Desemba 2010 iachwe, kwa kuwa tarehe hiyo ndiyo serikali ilipotangaza sheria ya wazi dhidi ya mipango hiyo. Kabla ya hapo, mtu wa kawaida angejuaje? Serikali ilikubali, ikaruhusu pia deni ligawanywe kwa miaka mitatu. Kwa fundi wetu, mgawo huo ungelishusha deni hadi 1,525,800, nafuu ya ngazi za miaka miwili tu. Mwaka 2025 serikali ilimteua Ray McCann kulipitia suala hilo kwa mara nyingine.

Kenya ilichagua njia nyingine kuhusu mikopo ya kazini. Tangu katikati ya mwaka 1998, mwajiri anayemkopesha mfanyakazi kwa riba iliyo chini ya ile ya soko hulipa ushuru juu ya ile tofauti ya riba. Anayelipa ni mwajiri, na mtaji wa mkopo hauguswi. Hesabu yake ni safi: faida halisi aliyoipata mkopaji ni riba aliyosamehewa, na ndiyo inayotozwa, katika wakati wake.

Kuhusu kurudi nyuma, Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 imeweka ukuta wa miaka mitano. Ukishawasilisha hesabu zako, mamlaka ya ushuru ya Kenya, KRA, haiwezi kuzifungua upya baada ya hapo, ila kwa ulaghai, ukwepaji au uzembe mkubwa. Riba ya kuchelewa ni asilimia 1 kwa mwezi, nayo haiwezi kuzidi deni la msingi, hivyo baada ya miezi 100 husimama. Deni lina ukomo.

Kenya pia imewahi kurudi nyuma kwa manufaa ya mlipaji. Aliyelipa ushuru wa msingi wa hadi mwisho wa 2022 kufikia tarehe 30 Juni 2024 alisamehewa riba na faini, na msamaha wa pili ukaendelea hadi tarehe 30 Juni 2025 kwa madeni ya hadi mwisho wa 2023. Lakini mlalamishi anapoomba wakati urudi nyuma, mlango huwa mwembamba. Mahakama ya Rufaa ilipoibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, tarehe 31 Julai 2024, haikuagiza wananchi warudishiwe walichokwisha kutozwa. Oktoba mwaka huohuo, Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi wenyewe. Naona mizani hapo haijakaa sawa. Ikiwa dola inaweza kuyafungua ya jana inapodai, mwananchi naye astahili kufunguliwa anapodai.

Mwanakandarasi wa Lamu, awe anasafirisha kokoto kwa mashua au anauza huduma katika bandari mpya, akipokea madai ya miaka iliyopita ana siku 30 za kuandika pingamizi. Ataje sababu zake, aambatishe stakabadhi, na alipe kwanza sehemu asiyoibishia. Pingamizi likishakamilika, saa inahamia upande wa pili: kamishna wa ushuru ana siku 60 za kutoa uamuzi. Zikipita kimya, kisheria pingamizi limekubaliwa.