SOMO LA KIKUNDI: Kipindi cha Simu Juu ya Imani na Afya ya Akili



Vikundi vingine vimetuuliza, hiyo podikasti ni kitu gani, na sisi watu wa kijijini tunaiweza kweli? Mnaiweza. Podikasti ni kipindi kama cha redio, ila hakina saa yake. Mnakirekodi, mnakiweka kwenye intaneti au mnakituma kwa simu, na mtu anakisikiliza wakati anapopata nafasi, hata usiku akiwa peke yake. Wa rika langu watakumbuka kaseti za mahubiri zilizokuwa zikizunguka nyumba hadi nyumba. Basi ni hizo hizo, ila hazikwami ndani ya mashine.

Vifaa visiwasumbue. Sisi hapa Jamhuri tulianza na simu moja, katika chumba cha kulala, kwa sababu godoro na blanketi humeza mwangwi. Sebuleni tulikuwa tunasikia matatu za Ngong Road kuliko mgeni wetu. Nyinyi adui yenu ni mabati: mvua ikianza, ahirisheni. Kipindi cha dakika 20 kikihifadhiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni kama megabaiti 10 tu, kwa hiyo hakimalizi bando ya mtu. Asiye na simu kubwa asikilize pamoja na jumuiya yake, kwa spika ndogo.

Vifaa vimetosha. Kazi ngumu ni ile inayosemwa ndani ya kipindi, na hapa naomba katibu asome polepole.

Mwanzoni nilifanya kosa. Mama mmoja alikubali kusimulia juu ya mwanawe aliyeugua akili. Tulificha jina, tukajiona werevu. Lakini tuliacha maneno ya kazi aliyokuwa akifanya kijana, na kanisa analosali mama. Wiki haikuisha, mtaa mzima ulijua. Yule mama alikuja kwangu, hakupiga kelele. Aliniambia tu, “Mwanangu hatoki tena nje.” Tulikiondoa kipindi siku hiyo hiyo, lakini nakala zilizokwisha kuingia katika simu za watu hatukuweza kuzirudisha. Kaseti ungeiomba ikarudi. Hii hairudi.

Tangu siku hiyo msimuliaji anasikiliza kwanza, halafu tunamwachia wiki nzima ya kubadili nia. Na kama habari ni za mtu mwingine, hata akiwa mtoto wake aliye mtu mzima, huyo naye aulizwe. Sio adabu tu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa za kulindwa kwa namna ya pekee. Kumbukeni pia mahali tunapoishi: hospitali ya Mathari imehudumia wagonjwa tangu 1910, na bado Nairobi ukimwambia mtu “wewe ni wa Mathari” umemtukana.

Jambo la pili ni ushuhuda wa uponyaji. Mtu anasema, “Niliombewa, nikatupa dawa.” Wasikilizaji wanapiga makofi, na pale nyuma ameketi mwenye kifafa ambaye kesho atatupa zake. Dawa za akili na za kifafa zikiachwa ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu zaidi. Mimi ushuhuda wa namna hiyo siurushi kabla muuguzi au daktari hajaongea katika kipindi hicho hicho, na kuna wazee wa kanisa walionikasirikia kwa hilo. Someni 1 Wafalme 19. Nabii Eliya alichoka akaomba afe. Malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Safari ya kwenda mlimani ilikuja baadaye. Kwa nini sisi tunaanza na mahubiri?

La tatu ndilo zito. Mkianzisha kipindi, mtu atawatumia sauti usiku akisema hataki kuishi. Itatokea, jiandaeni kabla. Mpigieni, msimwandikie. Muulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandii wazo, kunampa nafasi ya kulitua. Asiachwe peke yake, na dawa za shambani ziondolewe nyumbani. Kisha afikishwe kituo cha afya. Shirika la Msalaba Mwekundu lina namba 1199, haina malipo. Katika kipindi chenyewe msieleze kamwe mtu alijiua kwa njia gani.

Wengine walikuwa wanaficha kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinapingana na Katiba. Na wale wanaosema aliyejiua asiombewe, wasome Katekisimu namba 2282 na 2283: inakiri kwamba maradhi mazito ya nafsi yanaweza kupunguza hatia ya mtu, na inasema Kanisa huwaombea.

Msiogope kwamba hamkusoma udaktari. Kule Zimbabwe, tangu 2006, akina nyanya wamekuwa wakiketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza, na wamesaidia wengi. Lakini akina nyanya hao walifundishwa kwanza, na nyuma yao kuna wauguzi. Basi kabla ya kurekodi neno la kwanza, nendeni kituo cha afya kilicho karibu, muulize ni nani atakayewapokea watu wenu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kigango chenu, mgonjwa wa akili huitwa majina gani? Ni yapi hayatatamkwa kipindini?

2. Mtu akikataa kipindi chake baada ya kusikiliza, na mmeshatumia pesa za kikundi, mtafanya nini?

3. Ni nani atakayebaki na simu ya kikundi usiku, na akichoka atapokewa na nani?