Mafunzo Niliyopata Kabla ya Kununua Mashine ya Kufungasha Dagaa

Nilitaka kuuza Dar es Salaam dagaa wa Mwanza waliokwisha kuchambuliwa, kukaangwa na kufungwa kwenye pakiti. Mashine ya kufungashia ilikuwa ghali, hivyo nikaanza kwa mkono, jikoni kwangu.

1. Sifa si oda. Niliowaonjesha bure wote walisifu. Nilimhesabu kuwa mteja yule tu aliyetuma pesa kwa simu, kwa bei kamili, kisha akaagiza tena bila kukumbushwa. Ndugu na majirani sikuwaingiza kwenye hesabu.

2. Jaribu mpaka wakati mbaya upite. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo bei ya gunia pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hupanda na kushuka kufuata mwezi wa angani. Mvua nazo huleta shida yake, maana dagaa hawakauki vizuri. Huku Dar, wateja wangu walifuata mwezi wa mshahara: mwisho wa mwezi pakiti zinatoka, katikati zinalala. Ningepima wiki moja nzuri tu, ningejiona tajiri. Hesabu ya mwezi mzima ilionyesha kuwa faida ya siku za giza inaliwa na bei za mbalamwezi, isipokuwa ukiwa na akiba uliyonunua mapema. Mtaji ulihitajika kwenye magunia kabla ya mashine.

3. Sikiliza wanachokuomba. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu warejeshe mikopo kwa simu. Watu wakaitumia kutumiana pesa wao kwa wao, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya hitaji hilo. Kwangu walikuja mama ntilie. Walitaka dagaa wakavu wasiokaangwa, waliotolewa vichwa na mchanga, kwa kilo, kwenye mfuko wowote ule.

4. Nenda SIDO (shirika la viwanda vidogo) na TBS (shirika la viwango) mapema, kabla hujapanga bei.

Mashine sikuinunua. Wewe unayesubiri mkopo, nunua debe moja la dagaa, uza kwa bei kamili, na uandike kila shilingi mpaka mwezi uishe.