Breki ya Sumaku

Motokaa kubwa itokayo Dar es Salaam kwenda Mwanza hupita Singida, kisha hushuka mlima wa Sekenke kabla ya kufika Shelui. Ikiwa imejaa watu au mizigo, uzito wake huisukuma mbele, na dereva hana budi kuizuia katika mteremko wote.

Breki za kawaida hufanya kazi kwa kusugua. Dereva akanyagapo breki, vipande vigumu hukaza chuma kizungukacho pamoja na gurudumu. Navyo vitu visuguanavyo hupata moto, kama panga juu ya jiwe la kunolea. Breki zikikanyagwa muda mrefu bila kupumzishwa, moto huzidi, na vile vipande hupungukiwa na nguvu ya kushika. Hapo dereva hukanyaga kwa nguvu zake zote, na motokaa isisimame.

Kwa sababu hiyo mafundi walitafuta breki ya pili, isiyosugua. Mwaka 1855 mtaalamu wa Ufaransa, Léon Foucault, alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku ya umeme. Sahani ilizuiliwa ingawa sumaku haikuigusa, nayo ikapata moto. Sababu ni hii: sahani ipitapo mbele ya sumaku, umeme huzaliwa ndani yake, na umeme huo hupinga mwendo uleule uliouzaa.

Katika magari makubwa mengine, sahani za chuma hufungwa kwenye mtaimbo upelekao nguvu ya injini katika magurudumu ya nyuma. Karibu nazo huwekwa nyaya za shaba zilizozongwa. Dereva akitaka, umeme huingia katika nyaya, zikawa sumaku, na sahani zikazuiliwa. Moto hupatikana hapa pia, lakini sahani hupozwa na upepo, na breki za magurudumu hubaki baridi, tayari kwa hatari.

Basi, mbona breki za kawaida hazikuondolewa? Mtazame mvuvi wa Mwanza. Mtumbwi ukienda mbio, yeye huchomeka kafi majini na kulishika imara, na maji hupunguza mwendo. Mtumbwi ukienda polepole, maji hayalisukumi sana kafi. Ukisimama, kafi haliwezi kuuzuia usichukuliwe na upepo, yatakiwa nanga. Breki ya sumaku ni kama kafi: pasipo mwendo haina nguvu. Breki ya kawaida ni nanga.

Wala breki mbili haziondoi busara. Dereva hodari huingiza gia ndogo akiwa bado juu mlimani, kabla hajaanza kushuka.

MASWALI

1. Kwa nini breki za kawaida hupungua nguvu katika mteremko mrefu?
2. Foucault aliona nini mwaka 1855?
3. Motokaa imesimama mlimani. Ni breki ipi iwezayo kuishika? Eleza kwa mfano wa mtumbwi.